Vijana Wetu na Mafunzo katika Asasi za Uhusiano wa Mataifa



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa masikio ya wengi hapa Likunja laonekana kuwa la mbali sana, nalo ni mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wetu katika asasi zisizo za kiserikali zinazoshughulikia uhusiano wa mataifa na urafiki wa raia kwa raia. Mtu aweza kuuliza, tena kwa haki kabisa: mkulima wa ufuta na korosho ana nini na mambo ya kimataifa? Kijana akitaka kujifunza kazi, si afadhali aende kwa bwana shamba, au zahanati, au ofisi ya halmashauri? Sisi hatulidharau swali hilo. Twaomba tu kulijibu kwa kuanza na mbaazi.

Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoweza kuingizwa nchini humo, tani 200,000 kwa mwaka. India ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu. Bei ikaporomoka, na wengi wenu mnakumbuka magunia yaliyokaa ndani mpaka yakaliwa na wadudu. Lakini ng'ambo ya mto Ruvuma mambo yalikuwa na sura nyingine. Msumbiji ilikuwa imekwisha kutia saini makubaliano na India mwaka 2016, kwamba India itanunua mbaazi zake kwa kiasi kinachopanda kutoka tani 100,000 hadi tani 200,000 katika muda wa miaka mitano, na kikomo kile hakikuyagusa makubaliano hayo. Udongo ni mmoja, mvua ni moja, na mbegu ni zile zile. Upande mmoja kulikuwa na karatasi iliyotiwa saini, upande wa pili haikuwapo.

Wazee wetu walikwisha kuliona jambo la namna hii zamani. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa muda wa wiki tisa hivi, sehemu kubwa ya safari kwa ndege, ukaandika taarifa kuhusu kilimo cha karanga. Mwaka uliofuata mpango ukaanza, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ikafyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kupoteza pauni milioni 36, na miaka michache tu baada ya Uhuru hata reli ilikuwa imekwisha kung'olewa. Hatusemi kwamba kijana mmoja wa Kimwera aliyekaa katika ofisi fulani ya London angeuzuia mpango ule. Huo ungekuwa utani. Twasema kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja wa hapa aliyejua karatasi zile zilipita wapi, nani alizisoma, na wapi mtu angeweza kusimama akauliza swali.

Wala jambo hili halikuishia kwenye ukoloni. Mnaifahamu habari ya madini ya nikeli ya Ntaka, wilayani Nachingwea. Serikali ilipofuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini mwaka 2018, wawekezaji walikwenda kushtaki katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, huko Washington. Waliegemea mkataba wa kulinda uwekezaji ambao Tanzania na Uingereza zilitia saini mwaka 1994. Julai 2023 baraza la usuluhishi liliamua kwamba Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109 za Marekani, na mwaka 2024 pande zote mbili zikapatana kwa dola milioni 90. Hatukukutana hapa kuamua nani alikuwa na haki katika shauri lile. Wanasheria wana yao ya kusema. Lakini twauliza: mkataba ule wa 1994 ulisomwa katika kijiji gani? Ni nani aliyetueleza maana yake kwa Kiswahili? Jina la Nachingwea limetajwa katika nyaraka za shauri hilo mara nyingi kuliko lilivyotajwa katika mikutano yetu.

Kwa hiyo mambo ya kimataifa yanatufikia tukitaka tusitake, na ndiyo sababu twapenda kuwaeleza kidogo juu ya hiki kiitwacho diplomasia ya raia. Maana yake ni kwamba uhusiano wa mataifa hauachwi mikononi mwa mabalozi peke yao. Mwalimu, mkulima, mwanafunzi na muuguzi nao wanakutana na wenzao wa nchi nyingine, wanasikilizana, wanapeleka malalamiko, wanafunga udugu. Mji wa Mwanza na mji wa Würzburg wa Ujerumani wamekuwa na udugu wa namna hiyo tangu mwaka 1966.

Mfano mkubwa zaidi tunao katika historia yetu. Mwaka 1951 Wameru wa Ngarenanyuki waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ili wapewe walowezi. Hawakuchukua mikuki. Walichangishana fedha, wakamtuma ndugu yao Kirilo Japhet mpaka New York, akiwa na wakili Earle Seaton, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza dhuluma waliyotendewa. Ardhi haikurudi siku ile. Hata hivyo ulimwengu ulisikia, na watu wa Tanganyika wakafahamu kwamba kuna mlango ambao mtu asiye na cheo anaweza kuugonga. Angalieni vizuri nauli ile ilitoka wapi: ilitoka katika mifuko ya wakulima.

Na sisi wa kusini tulikuwa na yetu. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na tangu kati ya miaka ya sitini kambi yake kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea. Kwa muda wa miaka kumi hivi watu wa sehemu hizi waliishi na wageni wale kama majirani. Mwezi Mei 1975 Samora Machel alianzia hapo safari yake ya kwenda kupokea uhuru wa nchi yake. Twajivunia ukarimu ule, na ni haki yetu. Lakini Tume ya Haki na Amani haiwezi kuisimulia habari hiyo nusu. Katika kambi hiyo hiyo, mwaka 1975, wapinzani wa FRELIMO akiwamo mchungaji Uria Simango walilazimishwa kukiri makosa mbele ya umati, na baadaye waliuawa bila hukumu ya haki. Urafiki wa mataifa usiokuwa na macho waweza kugeuka kuwa kimya.

Kutokana na undugu ule wa Tanzania na Msumbiji ndipo kilipozaliwa, mwaka 1978, chuo cha diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa na serikali zote mbili kwa pamoja, na ambacho siku hizi kinabeba jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Vijana wanasoma hapo uhusiano wa kimataifa, na wengine wanasoma fani hiyo katika vyuo vikuu vyetu. Sasa tunafika penyewe. Mwanafunzi wa fani hiyo hawezi kuielewa kwa madaftari tu. Anatakiwa aende mahali kazi inapofanyika, akae wiki nane au miezi kadhaa. Wanafunzi wenyewe huita «fildi». Na kwa wale waliokwisha kuhitimu serikali ilitoa mwongozo mwaka 2017 wa mafunzo yanayoitwa utarajali.

Atafanya nini huko? Wazazi wengi hudhani mtoto ataketi na mabalozi kunywa chai. La. Katika asasi za namna hii, mfano wake ikiwa ni Asasi ya Umoja wa Mataifa Tanzania na umoja wake wa vijana, kazi nyingi ni ndogo ndogo: kuandika kumbukumbu za mkutano, kufasiri barua, kuandaa midahalo ya wanafunzi wa sekondari, kumpokea mgeni, kusoma azimio la kurasa arobaini na kulifupisha katika ukurasa mmoja unaoeleweka. Msizidharau kazi hizo. Anayejua kufupisha mkataba katika ukurasa mmoja wa Kiswahili ndiye tuliyemkosa mwaka 1994.

Tatizo ni mlango wenyewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwapa wanafunzi wenye mkopo fedha za kipindi cha mafunzo kilichomo katika masomo yao. Lakini asiye na mkopo hujitegemea, na akiisha kuhitimu, nafasi nyingi katika asasi ni za kujitolea, yaani bila malipo, miezi mitatu, sita, hata mwaka. Asasi nyingi ziko Dar es Salaam. Basi hebu tupige hesabu pamoja: chumba, chakula, daladala mbili asubuhi na mbili jioni, na nguo ya kuingilia ofisini. Nani ataweza? Ataweza mtoto mwenye baba Dar es Salaam. Mtoto wa Likunja aliyefaulu kumzidi atarudi nyumbani, na baada ya miaka kumi ofisi zile zitakuwa zimejaa watu ambao hawajapata kuiona mbaazi shambani. Hapo hakuna aliyetoa amri ya kuwabagua maskini, wala huwezi kumwonyesha mtu kidole. Lakini matokeo ni ubaguzi, na sisi twauita hivyo.

Kuna jambo lingine la kushangaza kidogo. Mtoto wa Ujerumani akitaka kuja kujitolea katika misheni au shule zetu, serikali yake ina mpango maalumu tangu mwaka 2008 wa kumsaidia gharama. Mlango wa vijana wa Afrika kwenda kule kwa mpango huo ulifunguliwa mwaka 2013, miaka mitano baadaye, na ni mwembamba. Tunawapokea wageni wetu kwa moyo mkunjufu, na tutaendelea kuwapokea. Ila ziara za upande mmoja tu si udugu kamili, kama vile mtani anayekuja kula kwako kila msiba nawe hujui hata mlango wa kwake.

Tena vijana wetu hawaendi mikono mitupu. Tangu mwaka 2017 ndugu zetu wa Cabo Delgado wamo katika vita. Mwezi Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na mwaka huo huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilieleza hadharani wasiwasi wake juu ya maelfu ya Wamsumbiji waliorudishwa kutoka nchini mwetu. Mama anayekimbia kutoka Palma au Mueda huzungumza Kimakonde, Kimakua au Kimwani. Ofisi yenye wasomi watano wa Kiingereza yaweza isiwe na mtu mmoja wa kumwelewa. Kijana wa kusini anayezijua lugha hizi kutoka kwa bibi yake ana ujuzi ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Aambiwe auandike katika barua yake ya maombi, mstari wa juu, asiufiche kama jambo la aibu.

Baada ya hayo, tunaomba mambo yafuatayo yazungumzwe katika halmashauri za walei. Kwanza, parokia itenge kila mwaka mchango wa nauli na chakula kwa mwanafunzi mmoja, na pakianza kwa nusu ya gharama, haidhuru. Jumuiya zikubaliane nani anastahili, wasichana wakifikiriwa sawa na wavulana, na majina yasitoke katika familia za viongozi pekee. Wale wa kwetu waliohamia Dar es Salaam waombwe malazi. Mmwera hamkatai Mmwera chumba cha miezi miwili. Vilevile tuziandikie asasi zilete wanafunzi wao huku, wakae Ruangwa na Nachingwea, wajifunze kwa mkulima bei ya ufuta inavyopangwa. Tunaamini safari hiyo ya pili itawafaa wao kuliko ya kwanza itakavyowafaa wetu.

Wazazi nao wasimwachie mtoto aondoke kwa ahadi ya mdomo. Aombe barua inayoeleza kazi yake, muda wake, msimamizi wake, kama kuna fedha ya nauli na chakula cha mchana, na kama atapewa cheti mwishoni. Mwanafunzi anayefagia ofisi na kutumwa vocha kwa miezi mitatu hafundishwi, ananyonywa, hata kama bango la mlangoni limeandikwa amani. Na kwa mabinti zetu tunasema waziwazi: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaihesabu rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Msimamizi anayedai mwili ili asaini fomu ashtakiwe TAKUKURU, na binti asisafiri peke yake kwenda kutoa taarifa. Mjumbe mmoja wa Tume aende naye.

Vyuo vingi hupeleka wanafunzi kwenye mafunzo kati ya Julai na Oktoba, na barua za kuomba nafasi hutakiwa miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo makatibu wa jumuiya waandike majina ya wanafunzi wote wa vyuo, Wakatoliki na wasio Wakatoliki wanaopenda kuandikwa, pamoja na fani wanazosoma na lugha wanazozungumza, na orodha zifike kwa katibu wa Tume kabla ya Kwaresima.