Mateka ni Amana

 

Ushujaa wa mtu hupimwa vitani, lakini utu wake hupimwa pale adui aliyeshika silaha jana anaposimama leo mbele yake mikono mitupu. Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Insan, aya ya 8, yawasifu wale wanaowalisha maskini, yatima na mateka chakula ambacho wao wenyewe wanakipenda. Mateka ametajwa pamoja na yatima, kwani wote wawili hawana wa kuwatetea. Baada ya vita vya Badri, mwaka 624, masahaba waliwapa mateka mkate na wao wenyewe wakala tende. Na mateka asiye na mali ya kujikomboa, ikiwa ajua kusoma na kuandika, alipata uhuru wake kwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina.

Katika zama za karibu yuko mtu aliyeyashika mafundisho hayo, kisha akaonja mwenyewe uchungu wa kuwa mateka. Naye ni Amiri Abdulqadir al-Jazairi. Baba yake alikuwa sheikh wa tarika ya Qadiriyya, tarika ambayo dhikiri yake yajulikana pia Ujiji na Bujumbura. Wafaransa waliuteka mji wa Algiers mwaka 1830. Na mwaka 1832, akiwa kijana wa miaka 24, makabila ya magharibi ya Aljeria yalimfanya amiri wao. Akapigana na Ufaransa kwa muda wa miaka 15.

Ilikuwa desturi ya vita vile askari kuleta vichwa vya maadui ili walipwe. Amiri akaikomesha. Akaamuru kwamba atakayemleta Mfaransa akiwa hai ndiye atakayelipwa, wala asilipwe kitu ikiwa mateka yule atalalamika kwamba aliteswa. Mateka wanawake waliwekwa chini ya uangalizi wa mama yake, Lalla Zohra. Mwaka 1841 Askofu Dupuch wa Algiers alimwandikia kumwombea mateka mmoja. Amiri akamjibu kwamba ingalifaa zaidi awaombee Wakristo wote waliofungwa, na tena awaombee Waislamu waliokuwa katika magereza ya Wafaransa. Mwaka ule ule mateka wakabadilishwa kwa pande zote mbili.

Lakini haki yataka lisemwe lote. Mwezi wa Aprili 1846 Amiri alikuwa mbali, na kambi yake ilikuwa na dhiki ya chakula na hofu ya kushambuliwa. Wakubwa waliobaki kambini wakawaua zaidi ya mateka 100, wengi wao wakiwa wametekwa katika mapigano ya Septemba 1845. Doa lile halikufutika. Huruma ya Amiri ilikuwa ya kweli, ila ilisimama juu ya mtu mmoja. Alipokuwa hayupo yeye, nayo haikuwapo.

Kisha zamu ikamfikia mwenyewe. Tarehe 23 Desemba 1847 alijisalimisha kwa Jenerali Lamoricière, kwa ahadi kwamba yeye na watu wake watapelekwa Alexandria au Akka. Gavana wa Aljeria, ambaye ni mtoto wa mfalme wa Ufaransa, akaithibitisha ahadi hiyo. Ahadi ikavunjwa. Alipelekwa Toulon, akahamishiwa Pau, kisha katika ngome ya Amboise. Watu 25 wa msafara wake, watoto wakiwa miongoni mwao, walifia Amboise, na makumbusho ya makaburi yao yako huko hata leo. Aliachiliwa mwezi wa Oktoba 1852. Wala hakulipiza kisasi: mwaka 1860, fitina ilipowaka Damascus, aliwaokoa maelfu ya Wakristo wasiuawe, na watu wa ubalozi mdogo wa Ufaransa wakapata hifadhi nyumbani kwake.

Mataifa nayo yalitambua polepole kwamba huruma ya mtu mmoja haitoshi, na kwamba mateka wahitaji sheria. Mwaka 1929 ulifanywa Mkataba wa Geneva juu ya mateka wa vita. Ujerumani iliutia sahihi. Lakini tangu mwaka 1941 mateka wa Kisovieti zaidi ya milioni 3 walikufa mikononi mwake kwa njaa, baridi, maradhi na risasi. Udhuru wake ulikuwa kwamba serikali yao haikuutia sahihi mkataba ule. Ndipo tarehe 12 Agosti 1949 ukafanywa mkataba mwingine ulio imara zaidi. Kwa mkataba huo mateka hateswi; halazimishwi kutaja ila jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na nambari yake; hupewa chakula na dawa; huandikiana na jamaa zake; huabudu kwa dini yake; na vita vikikoma huachiliwa bila kucheleweshwa.

Udhuru ule haujafa. Katika kila vita husemwa, “Wao waliwatendea wetu hivyo hivyo.” Muislamu hana ruhusa ya kuutumia. Haki ya mateka haikutolewa na serikali yake, hata ipotee kwa makosa ya serikali hiyo. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeiamrisha.

Nchi za Maziwa Makuu zimeionja vita, na wako wazazi ambao watoto wao walichukuliwa, wasirudi wala wasijulikane walipo. Basi yampasa mzazi nyumbani na mwalimu chuoni kumfundisha kijana jambo hili mapema, kabla hajashika bunduki: aliyetupa silaha yake ni amana, naye ana mama anayemngoja.

Mwenyezi Mungu awarudishe waliotekwa kwa jamaa zao, awarehemu waliokufa kifungoni, na azilaze fitina za nchi hizi. Amin.