DAWA YA DENI NI KULIPA
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika, Mtendeni)

Ndugu wanachama,

Leo hatusemi habari za pembejeo. Tunasema habari za kadi ya bima ya afya na malipo yanayochelewa nyuma yake.

Bima si ngeni mkoani kwetu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia hapa hapa Tabora, wilayani Igunga, mwaka 1996. Kaya ilichanga, serikali ikaongeza kiasi kile kile. Ndiyo ile "tele kwa tele". Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 ilichanga shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Sasa tuelewane. Ukitibiwa kwa kadi, hutoi fedha dirishani. Kituo kinakutibu kwanza, kinajaza fomu ya madai, kinaipeleka bima, halafu kinangoja. Kwa Mfuko wa Taifa, muda unaojulikana ni siku 60 tangu dai kupokelewa. Ni nyingi, lakini zina mwisho. Taabu huanza zikipita.

Sisi wakulima tunalijua hili. Tumbaku imeshapimwa, imeondoka, malipo hayaji: anayeumia si mnunuzi. Zahanati nayo ni hivyo hivyo. Wazee wetu waliobeba mizigo kwenda Bagamoyo walipewa posho, maana mtu hula njiani, hangoji mwisho wa safari. Zahanati isipolipwa itanunua dawa kwa nini? Kabati linabaki tupu. Mama mwenye kadi analeta mtoto ana homa, anaambiwa: "Dawa hiyo imekwisha, kanunue dukani." Basi huyo amelipa mara mbili. Mwakani ukimwambia achange tena, atakucheka. Na wengi wakiacha kuchanga, mfuko unazidi kukauka.

Watu wa bima nao wana neno lao: fomu nyingine zina makosa, nyingine za uongo. Ni kweli, na kukagua ni haki yao. Ila fomu moja mbovu isizuie mia zilizo safi. Zilizo safi zilipwe kwa wakati. Yenye kosa irudishwe upesi, na sababu iandikwe.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Mtu asiazime kadi yake. Kabla ya kutia sahihi soma fomu. Asiyejua kusoma asomewe. Usitie sahihi kwa dawa ambayo hukupewa.

2. Kamati ya zahanati itubandikie ukutani kila mwezi: madai mangapi yamepelekwa, mangapi yamelipwa, mangapi yamerudishwa, na mangapi yamepita siku 60. Majina ya wagonjwa yasiandikwe.

3. Hesabu hiyo isomwe kwenye mkutano wa hadhara, kisha diwani aifikishe kwenye halmashauri.

Ndugu wanachama, kadi ni ahadi. Sisi tumeshatoa chetu kabla ya kuugua. Nao watoe chao kabla kabati halijawa tupu.

Umoja ni nguvu.