Wiki Mbili Baada ya Upasuaji



Wapendwa wajumbe wa kamati za sharika na marafiki mnaotuchangia, leo tunazungumzia ugonjwa ambao wengi huuficha: bawasiri, pamoja na michaniko na nasuri ya njia ya haja kubwa. Magonjwa haya si saratani, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile ya upasuaji au kesho yake. Sisi tukishalipa gharama tunaona kazi imekwisha. Hapo ndipo tumekuwa tukikosea.

Mzee mmoja alipasuliwa bawasiri kwa michango yenu. Siku ya 9 akatokwa na damu nyingi chooni. Aliona aibu kuwaambia watoto wake, na nauli hakuwa nayo. Jirani alimkuta amelegea, akamkimbiza hospitali. Tunamshukuru Mungu, alipona.

Basi tujue mambo ya kuangalia. Siku ya kwanza mgonjwa anaweza kushindwa kukojoa, hasa aliyechomwa ganzi ya mgongoni. Huyo arudishwe hospitali awekewe mpira wa mkojo. Matone ya damu wakati wa haja ni kawaida. Damu nyingi au yenye mabonge si kawaida, nayo huweza kuja siku ile ile, au baada ya wiki moja na zaidi, wakati wote tumeshasahau. Homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na mkojo kukataa kutoka huweza kuashiria maambukizi ya hatari. Hutokea mara chache, lakini asisubiri kesho.

Wengine kwa kuogopa maumivu hujizuia kwenda haja, choo kikakauka na kuziba. Wanywe maji ya kutosha, wale mboga na matunda, watumie dawa walizoandikiwa na kukalia maji ya uvuguvugu.

Tunaomba kila kamati imtembelee mgonjwa kesho yake, na tena baada ya wiki moja, aende mtu wa jinsia yake. Nanyi wafadhili wetu, mkichangia upasuaji, ongezeni nauli ya kurudi hospitali.

Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alimjia Yesu kwa nyuma, kati ya umati. Wa namna yake wamo katika sharika zetu. Tuwafuate sisi.