Lifu au Linki: Kuchagua Springi za Gari la Kazi Garissa na Kaskazini Mashariki



1. Utangulizi

Swali ninalolileta mbele yenu ni la kila siku katika gereji za Iftin, mjini Garissa. Gari likitakiwa kwenda Hulugho, Balambala au Liboi, liwe na springi za lifu, au liwe na koili zinazoongozwa na linki? Wengi wetu hujibu kwa kutaja gari tunalolipenda. Leo naomba tujibu kwa kutaja mzigo. Hoja yangu ni moja: springi huchaguliwa kwa mzigo ambao gari hubeba siku nyingi. Na sisi mzigo wetu si wa namna moja. Tunabeba maji, tunabeba mbuzi, na tunabeba wagonjwa.

2. Lifu na kazi zake tatu

Springi ya lifu ni vyuma bapa vilivyopangwa, virefu juu na vifupi chini, vikabanwa katikati kwa senta bolti na kufungwa kwenye ekseli kwa yu-bolti. Lifu ya juu kabisa, ambayo ndiyo mama, imekunjwa jicho kila upande. Jicho moja limeshikwa na chesisi kwa pini na bushi. La pili hushikwa na sheko inayocheza, kwa sababu springi ikikandamizwa hunyooka, na ikinyooka hurefuka.

Lifu inabeba uzito wa gari, inaishika ekseli isikimbie mbele, nyuma wala kando, na vyuma vyake vinaposuguana hupunguza mrusho na kuzisaidia shoki. Kasoro zake zinatokana na sifa hizohizo. Msuguano ule huifanya isiitikie matuta madogo, hivyo mtikisiko hupanda moja kwa moja hadi kwenye bodi. Tena dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu kwenye mchanga, ekseli hutaka kujizungusha. Springi hujipinda kama herufi S, kisha hufyatuka, na propela ndiyo hubeba adhabu.

3. Linki na mgawanyo wa kazi

Katika mfumo wa linki, koili hubeba uzito tu. Ekseli hushikwa na mikono ya chuma yenye bushi kila mwisho. Linki za chini huizuia isiende mbele wala nyuma, za juu huizuia isijizungushe, na fimbo iliyokingama, iitwayo Panhard, huizuia isiende kando. Linki mbili za juu zikitanuliwa zikafanya umbo la pembetatu, fimbo hiyo haihitajiki tena.

Kwa kuwa kila kifaa kina kazi yake, fundi anaweza kuweka koili laini bila kuhofia ekseli kutangatanga. Ndiyo maana gari la linki likishuka kwenye laga, yaani mto mkavu wa msimu, gurudumu moja huinuka juu ya jiwe na la pili likazama shimoni, na yote mawili yakaendelea kushika ardhi.

Lakini mfumo huu hausamehe uzembe. Kila linki ina bushi mbili na vishikio viwili. Bushi zikilika, usukani hutikisika hadi dereva alazimike kusimama. Fimbo ya Panhard ya mbele isipokwenda sambamba na fimbo ya usukani, kila tuta huligeuza gari bila dereva kutaka. Na kishikio kilichochomelewa vibaya kikikatika, ekseli hupinda upande na safari huishia hapo.

4. Uamuzi wa watengenezaji

Land Rover ya mwaka 1948 ilikuwa na lifu mbele na nyuma. Mwaka 1970 kampuni hiyo ilitoa Range Rover yenye koili na linki pande zote, na mwaka 1983 ikaupeleka mfumo huo kwenye gari la kazi, One Ten, mzazi wa Defender.

Toyota walikwenda kwa hatua. Pikapu za familia ya Land Cruiser 70, iliyoanza mwaka 1984, zilikuwa na lifu kote. Mwaka 1999 ilipokuja modeli ya 79, mbele iliwekwa koili na linki, na nyuma zikabaki lifu. Hilo ndilo gari linalounganishwa Mombasa na kufanya kazi kila kona ya kaunti zetu.

Kwa nini waligawanya hivyo? Mbele kuna injini, na uzito wake haubadiliki. Koili inaweza kupimwa kwa uzito huo na ikabaki laini siku zote. Nyuma hali ni nyingine. Asubuhi pikapu iko tupu, mchana imebeba tani moja. Kwa mzigo unaopanda na kushuka hivyo, rundo la lifu lina uvumilivu mkubwa, kwa sababu lifu nene za chini husaidia zaidi mzigo unapoongezeka.

5. Barabara zetu na mizigo yetu

Tuupime mzigo wenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mitungi hamsini ya lita ishirini ni tani nzima, kabla ya dereva, taniboi na abiria wa juu. Wakati wa kiangazi hiyo ni safari ya kawaida. Ukimpa mwenye safari hiyo koili laini nyuma, gari litakaa chini kama ngamia aliyepigishwa magoti, taa zitaangaza angani na usukani utakuwa mwepesi kwa hatari.

Barabara nazo zina sura tatu. Kuna murramu iliyojikunja ikafanya mbavu, inayochosha shoki na bushi. Kuna mchanga na laga, ambako gurudumu lisiloshika ardhi huzunguka bure. Na kuna udongo mweusi wa upande wa Ijara, ambao mvua ikinyesha hunata hadi chini ya bodi. Koili na linki hushinda kwenye mbavu na laga. Kwenye tope, dereva na tairi ni muhimu kuliko springi.

6. Gari likivunjikia porini

Lifu ikivunjika mbali na mji, madereva wetu wanajua la kufanya: huweka kipande cha mti, hufunga kwa mpira wa tyubu, na kufika nyumbani polepole. Lifu kuukuu za lori zinapatikana, na fundi wa kuzikata yupo. Linki haina bahati hiyo.

Hata hivyo, wepesi huo umetuzoesha mambo mawili mabaya. La kwanza ni kuchomelea lifu iliyovunjika. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma cha springi, na itavunjika tena kando ya pale ulipoiunga. Vivyo hivyo kuipasha moto ili uipinde. La pili ni kuongeza lifu juu ya lifu ili gari libebe zaidi. Springi itahimili, lakini breki, bolti za gurudumu na chesisi hazikuongezwa chochote.

7. Mzigo tunaousahau

Gari za wagonjwa za mashambani nyingi zimejengwa juu ya Land Cruiser hizihizi, nyuma lifu. Lifu iliyotengenezwa kubeba tani, leo imebeba mama mmoja mjamzito, muuguzi na jamaa. Haipindi hata kidogo. Kila ubavu wa barabara humfikia yule mama mgongoni.

Nimewahi kukaa nyuma ya gari kama hilo usiku, nikiushikilia mkono wa mgonjwa kwa saa nyingi. Hakulia kwa sababu ya ugonjwa; alilia kila tuta. Tangu siku hiyo siwezi kukubali kwamba swali hili ni la mafundi peke yao.

8. Mapendekezo

(a) Pikapu za maji, mifugo na bidhaa zibaki na lifu nyuma, idadi ya lifu ifuate uzito halali wa gari.

(b) Gari za wagonjwa zipunguziwe ugumu wa nyuma kwa rundo la lifu chache, ndefu na nyembamba, pamoja na shoki zinazolingana nazo. Zinaponunuliwa mpya, kaunti ziulizie mfumo wa koili na linki nyuma.

(c) Asiyekuwa na vipimo asibadilishe lifu kuwa linki. Pembe ya propela, urefu wa linki na nguvu ya vishikio huhesabiwa kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

(d) Lifu iliyovunjika ibadilishwe, isiungwe. Yu-bolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza.

(e) Vijana wanaofunzwa ufundi wafundishwe kupima springi ikiwa tupu na ikiwa na mzigo, wasifundishwe kuongeza tu.

9. Hitimisho

Mwenye pikapu akija gereji kwako kesho, usianze kumuuliza ana pesa ngapi. Muulize alibeba nini mwezi uliopita. Akijibu maji, mpe lifu zilizo sawa. Akijibu wagonjwa, lala chini ya gari lile na uhesabu lifu zake upya, ukijua ni nani atakayelala juu yake.