Mgonjwa Si Mwombaji

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa Serikali, Unguja.)



Mtu apitaye barabara ya Mizingani, karibu na bandari ya Unguja, hawezi kulikosa jengo refu lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi mkubwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa 1887, mwaka ambao Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 ya kutawala, na aliyelitolea fedha ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyepata kushika forodha ya Unguja. Topan alifariki 1891, jengo likamalizika 1894, na baadaye orofa yake ya chini ikawa zahanati ya sadaka. Mpaka leo linajulikana kwa jina la Dispensari ya Zamani.

Hapana haja ya kuibeza sadaka ile, maana waliopona kwayo walipona kweli. Lakini sadaka ina adabu zake. Apokeaye huinamisha kichwa, husema ahsante, huondoka. Haulizi kwa nini amepewa hiki na si kile, wala harudi kesho kusema kwamba alichopewa hakikumfaa. Akifanya hivyo huambiwa kuwa hana shukurani.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuja na hesabu nyingine. Matibabu yakawa ni ya bure kwa mwananchi, bila ya kujali rangi wala kabila, wala kama mtu anakaa Mji Mkongwe au Ng'ambo. Hospitali ya Mnazi Mmoja ikapewa jina la V. I. Lenin, na tangu mwaka huo madaktari kutoka China wakaanza kuja kufanya kazi Visiwani. Kilichokuwa hisani ya tajiri kikawa ni wajibu wa Serikali, na kilichokuwa bahati ya maskini kikawa ni haki yake. Majina ya hospitali yalibadilika na madaftari yakabadilika. Kilichochelewa kubadilika ni shingo ya mgonjwa, ambayo mpaka leo, mbele ya meza ya dokta, bado imeinama.

Mfano ulio karibu ni wa mama mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani. Kilimo hicho cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Maji yanapokupwa mama huyu huingia baharini, akainama saa kadhaa kufunga mbegu kwenye kamba, jua likimpiga mgongoni na mwanga wa maji ukimchoma machoni. Siku moja huamkia kituo cha afya. Hukaa kwenye benchi tangu asubuhi. Akiingia chumbani huulizwa, "Unaumwa nini, mama?" Naye hujibu, "Mwili wote, mwanangu."

Kwa lugha yake amekwisha eleza kila kitu: kiuno, macho, ngozi inayowasha, na usingizi uliokatika. Kwa aliyeko mezani amesema neno moja tu, tena neno lisilo na pahala katika fomu. Hutoka na bahasha ndogo ya vidonge iliyoandikwa 1x3. Jirani akimuuliza njiani, "Wamekwambia una nini?" jawabu huwa, "Hawakunambia. Na mie sikuuliza. Nani wa kumuuliza dokta?" Vidonge viwili humgawia jirani huyo, kwa kuwa naye kiuno kinamsumbua, na vilivyobaki huviacha maumivu yanapopungua.

Watu wengi waliosoma wakisikia kisa cha namna hii husema kwamba tatizo ni ujinga. Hilo si kweli. Mama huyo huyo, mnunuzi wa mwani anapofika na mizani yake, husimama karibu, akakodoa macho kwenye alama, akabishana juu ya kila kilo mpaka kieleweke. Hesabu anaijua, na ulimi anao. Tofauti ni kwamba mwani anajua ni mali yake, na vidonge anadhani kapewa kwa hisani. Mtu hagombei uzito wa sadaka.

Yafaa pia kusema haki kuhusu aliyeko upande wa pili wa meza. Muuguzi mwenye foleni inayofika nje ya mlango, mwenye daftari la kujaza na dawa za kuhesabu, si adui wa mgonjwa. Mara nyingi naye ni mchovu kuliko wanaomngoja. Hata hivyo foleni ndefu ni sababu ya kusema kwa ufupi, haiwezi kuwa sababu ya kutosema. Sentensi tatu zinatosha: una ugonjwa huu, dawa hii ni ya kazi hii, ukiona hivi rudi upesi.

Je, wagonjwa wa Unguja waliwahi kusimama wakadai? Waliwahi, na tena ni wale waliokuwa na kila sababu ya kujificha. Ukimwi uligunduliwa Zanzibar kwa mara ya kwanza 1986. Mwaka 1994 watu wanaoishi na virusi hivyo waliunda jumuiya yao, inayojulikana kwa kifupi kama ZAPHA+. Anayeujua Mji Mkongwe, ambako ukuta wa nyumba umegusana na ukuta wa jirani na kila baraza lina masikio, atapima mwenyewe ujasiri huo. Dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwapo. Huduma hiyo ilianza Zanzibar 2005. Kwa miaka 11, basi, watu hawa hawakuwa na dawa ya kugombania. Walichokuwa nacho ni kutembeleana majumbani, kupeana moyo, na kusema hadharani kwamba mwenye ugonjwa habadiliki kuwa kitu. Kwamba siri yake ni yake, na mkono wake ni wa kupewa kama mkono wa mtu mwingine.

Tume ya Ukimwi Zanzibar ilipoundwa 2002 iliikuta jumuiya hiyo imekwisha timiza miaka minane. Na dawa zilipofika walikuwapo tayari wagonjwa wa kumweleza mgonjwa mwenzao, kwa Kiswahili cha jikoni na si cha maabara, kwa nini kidonge hiki hakikosi hata siku moja. Hapana daktari anayeweza kuifanya kazi hiyo kama anavyoifanya mtu ambaye naye kidonge chake kimo mfukoni.

Kabla ya hapo, 1985, uliundwa Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar. Hoja yao moja ingefaa kumkosesha usingizi kila mtumishi wa afya. Kiziwi anayeingia kwa daktari akiwa na mdogo wake wa kumtafsiria, siri yake imekwisha toka nje kabla hajakaa kitini. Mwanamke kiziwi mwenye maradhi ya uzazi atamtumia nani kusema, kaka yake?

Fikra yenyewe si ngeni katika nchi hii. Huko Bara, 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1978 mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata ulitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kampeni ile ya 1973 ilikuwa kazi kubwa na ya kujivunia. Lakini ilimfundisha mwananchi zaidi wajibu wake: chimba, chemsha, fagia. Haki yake ya kumuuliza dokta ilibaki kuwa somo lisilofundishwa.

Jambo hili linawagusa walimu na watumishi wa Serikali kwa namna ya pekee. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar umeanzishwa kwa sheria ya 2023, na watumishi wa umma walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuandikishwa. Mwenye kuchangia huuliza, na ni vizuri aulize. Hatari ni kwamba kuuliza kutafanywa ni adabu ya mwenye kitambulisho, na yule mama wa Jambiani, asiye na mshahara wala hati ya mshahara, atazidi kunyamaza. Haki ya kujibiwa haikukatwa katika mshahara wa mtu yeyote.

Mwalimu anayo nafasi ambayo waziri hana. Bahasha iliyoandikwa 1x3, ikifika nyumbani, husomwa na mtoto wa darasa la nne. Hakuna kinachozuia bahasha kama hiyo kuwa zoezi katika kipindi cha Kiswahili: mtoto aisome, aeleze saa za kunywa dawa, aandike maswali matatu ambayo bibi yake angepaswa kuuliza kabla ya kuondoka kituoni.

Mtumishi wa ofisi naye anajulikana katika shehia yake. Kamati inapochagua katibu, kalamu huelekezwa kwake. Ajenda huwa ni mtaro uliozibika, kisha mbuzi wanaozurura, na kikao hufungwa kabla ya magharibi. Katika kumbukumbu za vikao vingi halimo hata suala moja la mgonjwa aliyetoka kituoni bila ya kuambiwa ugonjwa wake.

Na lipo sanduku la maoni. Aghalabu limetundikwa ukutani, limeingia vumbi, na ufunguo wake unakaa kwa yule yule ambaye maoni yanamhusu. Ufunguo huo ukae kwa katibu wa kamati. Sanduku lifunguliwe kila mwezi mbele ya wajumbe, mkuu wa kituo akiwapo, na majibu yabandikwe kwenye ukuta ule ule, kwa herufi kubwa, karibu na benchi wanalokaa wanaongoja.