Tairi Libadilishwe Lini?

Mazungumzo kwa wamiliki wa magari, madereva na abiria wa kata



Masika hayabishi hodi. Asubuhi barabara ni vumbi, mchana lami ya mteremkoni imelowa, na katika saa hizo chache ndipo hali halisi ya tairi hudhihirika. Wenye magari wengi hubadilisha tairi siku linapopasuka, yaani wameliachia tairi lenyewe uamuzi. Mazungumzo haya yanahusu kuamua kabla ya siku hiyo, na yanamhusu pia asiye na gari, kwa kuwa mtoto wake hupanda Noah ya shule kila asubuhi.

Gari dogo hushikamana na barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Mifereji iliyo kati ya kashata si pambo. Kazi yake ni kuyaondoa maji chini ya tairi ili mpira uguse lami. Mifereji ikiisha, maji hukosa njia, tairi huelea, usukani huwa mwepesi ghafla, na breki hukanyagwa huku gari likiendelea na safari yake. Katika lami kavu tairi kipara huweza kushika vizuri, na hivyo ndivyo linavyomdanganya mwenyewe kiangazi kizima.

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha takriban milimita 8. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha kisheria cha milimita 1.6, na watengenezaji huweka alama ya kipimo hicho katika tairi lenyewe: ndani ya mifereji mikuu kuna vinundu vya mpira vinavyoikatiza. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Hata hivyo, kusubiri mpaka hapo ni kuchelewa, kwa sababu uwezo wa kusimama kwenye maji huanza kupungua mapema zaidi. Kwa gari linalobeba watu wakati wa mvua, milimita 3 ndiyo ishara ya kuanza kutafuta fedha. Rula ya mwanafunzi inatosha kupima, mradi kipimo kichukuliwe katikati na kwenye kingo zote mbili.

Kingo hizo zina habari zake. Tairi lililolika katikati tu limekuwa likijazwa upepo kupita kiasi. Lililolika kingo zote mbili limekuwa likienda na upepo pungufu. Lililolika upande mmoja huashiria magurudumu yasiyokaa sawa, na kufunga jipya bila kurekebisha hitilafu hiyo ni kuchoma fedha.

Yapo matairi yenye kashata nzuri ambayo nayo hayafai, na haya ndiyo hatari zaidi kwa kuwa macho huyapitisha. Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa, hata gari likiwa limeegeshwa. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na baadhi ya watengenezaji wa matairi huweka miaka 10 kuwa mwisho kabisa, kashata ziwepo zisiwepo. Anayenunua tairi lililotumika asome kwanza tarakimu hizo, kisha ndipo aulize bei. Ubavu wenye nyufa, au uliovimba kama jipu, hausubiri miaka wala rula: uvimbe ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika. Vivyo hivyo waya ukionekana. Kuchonga mifereji upya kwa kisu katika tairi kipara la gari dogo hakulirudishii ujana. Hupunguza mpira uleule mchache uliobaki juu ya waya.

Sasa, nani aamue? Hapa ndipo penye ugumu. Dereva wa gari la abiria hupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Tairi ni mali ya tajiri, lakini roho iliyo juu yake ni ya dereva na ya abiria. Dereva akisema tairi limeisha, huambiwa avumilie mwezi mmoja. Akilalamika sana, ufunguo hupewa mwingine. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari bovu barabarani, lakini trafiki hayupo kila kona. Njia iliyo karibu ni makubaliano ya mapema: sehemu ya hesabu iwekwe kando kila wiki kwa ajili ya matairi, na kipimo kitakachotumika kijulikane kwa wote wawili. Wazazi nao wanayo haki ya kuinama na kutazama matairi ya gari la shule kabla ya kulipa nauli ya muhula. Si utovu wa adabu.

Fedha ikitosha matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari huvutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza, gari huzunguka, na madereva wengi hawawezi kulirudisha. Tairi la akiba nalo likaguliwe. Mara nyingi ndilo lililozeeka kuliko yote.

Tairi lililofunguliwa lisiachwe nyuma ya nyumba likikusanya maji ya mvua, kwani mbu waenezao homa ya dengue hutaga humo. Likatwe kabla ya kutolewa nyumbani, lisije likauzwa na kurudi barabarani. Mshona katambuga atalipokea likiwa vipande.