Ulimi Wenye Ushahidi



Katika Yubile hii tumeombwa kusema juu ya mtu wa nchi yetu aliyewatumikia watu kwa ulimi wake. Tumemchagua Mzee Chrisant Mzindakaya, aliyefariki mwezi wa Juni 2021. Hatumtaji kwa ajili ya chama chake, wala hatumfanyi mtakatifu. Twamtaja kwa sababu sisi makatekista na walimu, kazi yetu ni kusema mbele ya watu, na katika kazi hiyo tuna deni.

Alizaliwa mwaka 1940. Mwaka 1965 aliingia Bungeni, naye angali kijana. Baadaye alipata kuwa Mkuu wa Mkoa, kisha watu wa Kwela wakamtuma Bungeni tena na tena, hata uchaguzi wa 2010, ambao hakugombea. Nanyi mwaijua Kwela: wengine wakaa huku juu penye baridi, wengine wakaa chini ya Lyamba lya Mfipa, katika bonde la Ziwa Rukwa penye joto. Shida zao si moja, na mwenye kuwasemea hana budi kuzijua zote.

Bungeni walimpa jina la Mzee wa Mabomu. Lakini tusidhani ya kuwa bomu lile lilikuwa kelele. Mwaka 2001 alisimama akasema juu ya vibali vya kuingiza sukari kutoka nchi za nje. Jambo likachunguzwa, na mwaka ule ule waziri aliyehusika akajiuzulu. Wapiga kelele ni wengi, nao husahauliwa jioni ile ile. Neno lenye ushahidi halifukuziki.

Basi, na tuseme deni letu. Mwaka mmoja mbolea ya ruzuku ililetwa kijijini kwetu. Tuliiona ikishushwa, maana ilishushwa karibu na kanisa, na mifuko ilionekana michache kuliko ile iliyotangazwa. Mkutano ulipoitwa, tukaulizwa, “Nani ana neno?” Sisi tukatazama chini. Jumapili iliyofuata tukasimama mbele ya watu wale wale, tukafundisha amri ya saba kwa sauti kubwa. Mama mmoja mjane, asiyepata mfuko wake, alikuwa amekaa mbele. Alitusikiliza mpaka mwisho, asiseme kitu. Mwaka ule mahindi yake yalikuwa manjano kabla hayajafika magotini.

Kwa nini tulinyamaza? Tuliogopa, ni kweli. Lakini tena hatukuwa tumehesabu. Mifuko ilipita mbele ya macho yetu, wala hatukuandika hata mmoja. Mtu asiyehesabu hana la kusema mkutanoni, ila kunong'ona njiani. Na minong'ono haimrudishii mjane mfuko wake.

Tena liko jambo la pili. Mzee Mzindakaya alianzisha kiwanda cha nyama hapa Sumbawanga, ng'ombe wetu wapate soko. Mkopo wa kiwanda hicho ulidhaminiwa na serikali, na maswali yakazuka. Aliyezoea kuuliza akawa mwenye kuulizwa. Sisi si waamuzi wa jambo lile. Ila twajifunza hivi: anayefungua daftari la mwenzake, na lake liwe tayari kufunguliwa. Sisi tunaoshika sadaka na michango ya shule, tusikasirike mzazi akiuliza, “Fedha zimekwenda wapi?” Na tumwonyeshe hesabu.

Wazee walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ni kweli kwa mwenye kusema ovyo. Lakini mithali hii isiwe maficho ya waoga, kwani ulimi unaonyamaza penye dhuluma umekwisha kujikwaa.

Basi, walimu, wafundisheni watoto kusimama na kusema: nimeona hiki, nimehesabu hiki, nauliza hiki. Wafundisheni kusema kwa adabu, bila matusi. Na sisi, mbolea itakapoletwa tena, tutakwenda na daftari na kalamu. Tutahesabu mifuko, na siku ya mkutano tutainua mkono. Mama yule yu hai, na shamba lake li karibu na njia yetu ya kwenda kanisani.